Enyi Wake, Enyi Waume: Kila Mtu na Aya Yake

Wanandoa waliogombana wakifika kuomba ushauri, mpe kila mmoja Biblia na uwaambie wafungue Waefeso 5. Mume atakuwa ameshafika aya ya 22, ile ya wake kuwatii waume zao, kabla hujamaliza kutaja sura. Mke naye kidole chake kitakuwa juu ya aya ya 25, ile ya waume kuwapenda wake zao. Kila mmoja ameihifadhi kichwani aya ya mwenzake, na yake mwenyewe huisoma kwa kusitasita kama mtu anayesoma hati ya deni.

Sisi tuliozoea kukaa na wanandoa, kabla ya harusi na baada ya mambo kuharibika, tumeona jambo hili mara nyingi mno kulichukulia kuwa la bahati mbaya. Magomvi ya fedha, ya wakwe, ya chumbani, ukiyafuatilia hadi shina lake utamkuta mtu anayedai wajibu wa mwenzake huku wake ameusahau mfukoni. Kwa hiyo yanayofuata tumeyapanga kwa njia ile wanayopita wanandoa wenyewe, tangu mafundisho ya kabla ya ndoa hadi siku za ugonjwa, na kila kituo tumesema watu huteleza wapi.

Kabla ya kiapo

Kosa la kwanza hutokea mapema sana: mafundisho ya ndoa huwekwa mwisho. Wachumba huja zikiwa zimebaki wiki tatu, vichwa vimejaa nguo, ukumbi na orodha ya wageni. Wanaitikia kila kitu. Ukiwauliza kama wamezungumzia madeni, wanatazamana, wanacheka, wanasema "tutazungumza". Wakati huo hakuna anayethubutu kuuliza swali linaloweza kuahirisha harusi, na maswali hayo hasa ndiyo ya kuulizwa. Anza angalau miezi mitatu kabla. Vikao vinane vya saa moja na nusu vinatosha kwa walio wengi, na kimoja kati ya hivyo kiwe cha kila mchumba peke yake na mwalimu, kwa sababu yako mambo ambayo mtu hayasemi mwenzake akiwa ameketi kando yake.

Yapo manne yasiyoruhusiwa kuvuka siku ya harusi yakiwa gizani: madeni, watoto waliokwisha kuzaliwa, ndoa au ahadi ya awali, na afya. Mficha uchi hazai. Katika Kanisa Katoliki suala hili lina uzito hata wa kisheria: kanuni ya 1098 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inasema kwamba mtu aliyeingia katika ndoa kwa kudanganywa makusudi ili akubali, kuhusu sifa ya mwenzake ambayo kwa asili yake inaweza kuvuruga vibaya maisha ya ndoa, ndoa yake ni batili. Hata kama kanisa lenu halina kanuni ya namna hiyo, machungu ya kugundua deni mwezi wa nne wa ndoa hayaulizi dhehebu.

Kuhusu madeni, msiambiane kwa mdomo. Kila mmoja aandike kwenye karatasi: nadaiwa na nani, kiasi gani, la kulipwa lini, na nilikopea nini. Kisha mbadilishane karatasi na kila mmoja asome kimya. Anayesema kwa mdomo huutazama uso wa mwenzake, na akiona umekunjamana kwenye deni la pili, la tatu halitajwi.

Katika vikao hivyo hivyo isomwe Waefeso 5 yote, ikianzia aya ya 21 na si ya 22. Aya ya 21 inasema, "hali mnanyenyekeana katika kicho cha Kristo." Katika nakala za kale zaidi za Kigiriki, aya ya 22 haina kitenzi chake, neno la kutii huazimwa kutoka aya ya 21. Maana yake ni kwamba huwezi kumkatia mke kipande cha kutii ukaliacha nyuma agizo la wote kunyenyekeana, kwani sentensi yenyewe haisimami.

Halafu hesabuni. Wake wanaambiwa katika aya tatu, 22 hadi 24. Waume wanaanza kuambiwa aya ya 25, na mzigo wao unaendelea hadi 30, ukarudiwa tena 33. Tena angalieni anayesemeshwa ni nani. Katika ulimwengu wa Warumi wa siku hizo, baba wa nyumba alikuwa na mamlaka makubwa kisheria, na maandiko ya wanafalsafa kuhusu nyumba kwa kawaida yalimweleza yeye jinsi ya kuwatawala waliomo. Paulo anamgeukia mke na kusema naye moja kwa moja, "Enyi wake", kama mtu mwenye masikio na dhamiri yake. Anapomgeukia mume hamwambii "mtiishe mkeo". Neno hilo halimo popote katika sura hiyo, wala katika Wakolosai 3, wala katika 1 Petro 3. Utii wa mke, kama ulivyoandikwa, ni kitu anachokitoa mke. Mume akianza kuudai ameacha aya yake na kuingia ya mtu mwingine.

Neno "kichwa", kwamba mume ni kichwa cha mkewe (aya ya 23), ndilo linaloleta joto kikaoni. Tuwe wakweli: makanisa hayafundishi jambo moja hapa. Yapo yanayofundisha kwamba mume ana dhamana ya mwisho ya uamuzi wa nyumba. Yapo yanayofundisha kwamba kunyenyekeana ni kwa pande zote mbili sawasawa. Papa Yohane Paulo II aliandika hivyo mwaka 1988. Usisubiri mwaka wa tano wa ndoa kugundua kwamba mmoja wenu alilelewa kwenye fundisho hili na mwingine kwenye lile. Lizungumzeni na mchungaji au padri wenu mngali wachumba. Yote mawili hata hivyo yanakutana kwenye maelezo ya Paulo mwenyewe: kichwa anayemsema ni kama Kristo, yule "aliyejitoa". Mume akitaka kujua kama ameshika ukichwa wake ipasavyo, aangalie ni nani anayekosa usingizi, fedha au starehe pale nyumba inapobanwa. Ikiwa kila mara ni mke, kuna kitu kimegeuzwa.

Kwa uamuzi mliotofautiana, utaratibu huu umesaidia wengi: uahirisheni kwa wiki moja kama si wa dharura. Katika wiki hiyo kila mmoja aeleze hoja ya mwenzake mpaka mwenye hoja aseme, "ndiyo, ndivyo nilivyomaanisha." Hapo nusu ya mambo huisha, maana mlikuwa mnabishania vitu viwili tofauti. Likibaki, muulizeni mtu mmoja mnayemwamini wote wawili. Mume anayefundishwa kwamba neno la mwisho ni lake ajue neno hilo huja baada ya hatua hizi zote. Anayelitumia kila mwezi amelifanya neno la kwanza.

Na "msaidizi"? Mwanzo 2:18 inasema "msaidizi wa kufanana naye". Neno la Kiebrania, ezeri, ndilo lile lile linalotumika juu ya Mungu katika Zaburi 121, "Msaada wangu u katika Bwana." Hakuna anayeisoma zaburi hiyo akadhani Mungu ni mtumishi wa ndani. Na hilo "kufanana naye" kwa Kiebrania lina sura ya mtu aliyesimama mkabala nawe, anayekutazama usoni. Msaidizi wa namna hiyo anaweza kukuambia umekosea.

Mwaka wa kwanza

Kumbukumbu la Torati 24:5 huwashangaza wachumba. Mwanamume aliyeoa mke mpya haendi vitani wala hatwikwi shughuli; anakaa nyumbani mwaka mmoja, "amfurahishe mkewe aliyemwoa." Wajibu huo amepewa mume, na jamii nzima imeamriwa imwachie nafasi autimize. Hapa lawama tuwape viongozi wa makanisa bila kupepesa macho: wanandoa wapya hawajamaliza hata kufungua zawadi, tayari mmoja ni katibu wa vijana, mwingine yuko kwaya mbili, Jumamosi mkutano, Jumatano maombi. Wanaonana wakiwa wamechoka. Ushauri wetu ni huduma moja tu kwa kila mmoja kwa miezi 12, na jioni mbili kwa juma ambazo hakuna anayetoka wala anayealikwa. Mkiombwa zaidi, mtajieni kiongozi wenu aya hiyo. Atacheka, lakini atawaelewa.

Mwaka huo ndio pia wa "kuacha baba na mama". Mwanzo 2:24 inamtaja mwanamume ndiye anayeacha, jambo ambalo waume wengi hulipita mbio. Kuacha hakumaanishi kutelekeza. 1 Timotheo 5:8 inasema asiyewatunza walio wake ameikana imani, na Yesu katika Marko 7 aliwakemea waliotumia sadaka kama kisingizio cha kutowasaidia wazazi. Kinachohama ni mahali pa uamuzi. Mpanda farasi wawili hupasuka msamba, na msamba huo huonekana kwenye sentensi ndogo sana. Mama anapiga simu kuomba kitu ambacho hamkukubaliana. Mume anajibu:

"Mama, mimi sina neno, ila mke wangu hataki."

Hapo amemuuza mkewe kwa sentensi moja. Mama atalibeba neno hilo miaka kumi. Jibu lililo sawa ni "Tumeamua hatutaweza mwezi huu", na lisemwe na mtoto wa huyo mzazi. Mume anasema na wazazi wake, mke na wa kwake. Mkwe asitumwe kupeleka "hapana" upande usio wake.

Kosa pacha la hilo ni kusimulia ugomvi. Unampigia dada yako saa mbili usiku ukiwa umefura. Saa nne mmepatana, mmecheka, mmelala. Dada hakuwepo kwenye kupatana. Yeye bado yuko kwenye ile saa mbili, na mkikutana kwenye sherehe atamtazama mwenzako kwa jicho hilo. Kama lazima useme na mtu, mchague mmoja ambaye mlikubaliana tangu mwanzo, na umpigie tena kumweleza kwamba mmepatana.

Fedha

Hapa tutakwenda haraka kwa sababu mafundisho ni machache na kazi ni ya kurudiarudia. Kikao kimoja kwa mwezi, saa moja, kabla mapato hayajaanza kutumika. Karatasi moja: kinachoingia kutoka kwa kila mmoja, sadaka, kodi au ujenzi, chakula, shule, madeni, wazazi wa pande zote mbili, akiba, na kiasi kidogo ambacho kila mmoja anatumia bila kuulizwa. Hicho cha mwisho watu hukidharau. Kisipokuwepo, mtu mzima anaanza kudanganya juu ya bei ya viatu. Mkubaliane pia kiwango ambacho mtu hawezi kukivuka, kwa kutumia, kukopa au kumdhamini mtu, kabla ya kumwambia mwenzake.

Mume anayepata kipato kikubwa asidhani amemaliza aya yake kwa kuweka fedha mezani. Waefeso 5:29 inataja "huulisha na kuutunza", mambo mawili. Na mke anayepata zaidi ya mumewe, jambo la kawaida siku hizi, asiambiwe na mtu kwamba amevunja agizo. Mithali 31 inamsifu mwanamke anayenunua shamba na kupanda mizabibu kwa mapato ya mikono yake, na mumewe anatajwa kama mtu ambaye moyo wake unamwamini.

Chumbani

Wakristo wengi wamefundishwa juu ya tendo la ndoa kwa kukohoa na kubadilisha mada. Paulo hakukohoa. Katika 1 Wakorintho 7:3 anaanza na mume: "Mume na ampe mkewe haki yake, na vivyo hivyo mke na ampe mumewe haki yake." Aya ya 4 inasema mke hana amri juu ya mwili wake bali mumewe. Hapo wanaume hufunga kitabu. Nusu ya pili inasema vivyo hivyo mume hana amri juu ya mwili wake, bali mkewe. Kwa watu wa karne ya kwanza nusu hiyo ya pili ndiyo ilikuwa ya ajabu. Ukiziweka pamoja, nguvu haina mlango wa kuingilia: mwanamume ambaye mwili wake uko chini ya amri ya mkewe hawezi kuutumia mwili huo kumlazimisha.

Aya ya 5 inaruhusu kujizuia kwa masharti matatu, na yote yawepo kwa pamoja: mmepatana, ni kwa muda, na ni kwa ajili ya kusali. Mke anayehamia chumba cha watoto wiki mbili ili kumkomoa mumewe hana la kwanza wala la tatu. Mume anayetangaza mfungo wa siku 40 peke yake, bila kumuuliza mkewe, amelikosa la kwanza.

Ugonjwa, uchovu wa kweli na kujifungua ni mambo mengine kabisa, na hapo mwenye wajibu ni yule mwenye nguvu. Baada ya kujifungua, madaktari kwa kawaida hushauri kungoja hadi mwili upone, mara nyingi kama wiki 6, na zaidi kwa aliyefanyiwa upasuaji au aliyechanika. Mwongozo ni wa mhudumu wa afya aliyemwona, si hesabu ya mume. Maumivu yasiyoisha wakati wa tendo yapelekwe hospitali. Tumeona wanawake wakiombewa miaka kwa tatizo lililokuwa na tiba, huku wakiambiwa hawana moyo wa kutii.

Pia zungumzeni mkiwa mmevaa nguo zenu na mchana. Swali kama "kuna ninachofanya ambacho hukipendi?" likiulizwa kitandani huwa kama mtego. Likiulizwa mkitembea, hujibiwa.

Hasira

"Jua lisichwe na uchungu wenu bado haujawatoka" ni aya iliyowakosesha watu usingizi. Wanandoa wanaichukulia kama amri ya kumaliza kesi kabla ya kulala, basi saa saba usiku bado wanahojiana, wamechoka, na maneno yanayotoka saa hiyo ndiyo hasa yanayokumbukwa mwaka mzima. Waefeso 4:26 inazungumzia uchungu. Kesi inaweza kulala. Semeni wazi: "Nimekasirika, lakini nipo. Tutaliongea kesho saa kumi na mbili jioni." Saa itajwe. "Tutaongea" bila saa humaanisha hatutaongea, na mwenzako anajua.

Mwalimu mzuri wa jambo hili ni Abigaili katika 1 Samweli 25. Mumewe, Nabali, amemtukana Daudi, na Daudi anakuja na watu wapatao 400 wenye panga. Abigaili anapakia mikate 200, viriba viwili vya divai, kondoo watano waliokwisha kutengenezwa na vitu vingine, na anakwenda kukutana nao bila kumwambia mumewe. Amevunja utii? Maandiko hayamlaumu, Daudi anambariki kwa akili yake. Ila tazama anachofanya akirudi. Anamkuta Nabali kwenye karamu, amelewa sana. Hamwambii neno, dogo wala kubwa, mpaka asubuhi. Divai ilipomtoka ndipo akamweleza yote. Angeweza kumwaga hasira yake usiku ule ule mbele ya wageni, na angekuwa na haki. Lakini alijua kwamba mlevi hasikii, na kwamba jambo zito linahitaji kichwa kizima upande wa pili. Leo si lazima iwe divai: mtu aliyetoka kazini dakika tano zilizopita, mwenye njaa, au anayetazama simu, naye hajawa tayari kuambiwa.

Mkianza, sema jambo moja. Siyo jambo na mifano yake sita ya tangu uchumba. Acha maneno "kila siku" na "hata siku moja", kwa sababu mwenzako atatafuta siku moja ya kukukanusha na mtabishania hiyo. Moyo ukianza kwenda mbio na sauti kupanda, simameni kwa dakika 20 hivi, mwili utulie kwanza; anayeondoka aseme anarudi saa ngapi, na arudi.

Wakolosai 3:19 inawaambia waume wasiwe na uchungu na wake zao. Inashangaza kwamba Paulo aliona hilo ndilo la kuwaonya. Uchungu wa mwanamume mara nyingi hauna kelele. Mume hamwiti mkewe kwa jina siku tatu. Anajibu "sawa" kwa kila kitu. Anamsahihisha mbele ya wageni juu ya jambo dogo, tarehe au jina la mtu, halafu anasema alikuwa anatania. Mume akijikuta hapo asisubiri mke aulize ana nini. Mke naye ana namna yake ya kuvunja Waefeso 5:33, ile ya kumstahi mumewe: kumsimulia kwa marafiki kama kichekesho, naye yupo anasikia. Wanaume wengi hawatasema kwamba liliwauma. Watakaa mbali tu, na mke atashangaa ubaridi umetoka wapi.

Mahali utii unapokoma

Hili linapaswa kusemwa mapema, na mara nyingi husemwa mtu akiwa ameshaumizwa. Utii wa mke ni "katika Bwana" (Wakolosai 3:18), kwa hiyo una mpaka. Safira katika Matendo 5 alikubaliana na uongo wa mumewe kuhusu fedha za kiwanja. Muda wa saa tatu baadaye aliingia, akaulizwa peke yake, akajibu peke yake, na akahukumiwa peke yake. Hakuna aliyemwambia kwamba alikuwa anamtii Anania tu. Mke akiambiwa asaini hati ya uongo, afiche wizi, au amdanganye mgonjwa, anaruhusiwa kukataa, na anapaswa kukataa.

Kipigo ni jambo jingine, na hapa tumekosea sisi washauri wa ndoa kama kundi. Kwa miaka mingi wanawake wamerudishwa nyumbani wakiambiwa wavumilie, wasali, wapike vizuri zaidi. Hakuna aya inayomwagiza mke akae chini ya ngumi. 1 Petro 3:7 inamwambia mume ampe mkewe heshima, na inasema asipofanya hivyo maombi yake yatazuiliwa. Mwenye tatizo la kiroho kwenye nyumba hiyo ametajwa. Kanuni ya 1153 ya Sheria ya Kanisa Katoliki inatambua haki ya kutengana pale mwenzi mmoja anapomtia mwingine au watoto katika hatari kubwa ya roho au mwili, na kama kuchelewa ni hatari, mtu anaweza kuondoka kwa uamuzi wake mwenyewe. Paulo naye, katika 1 Wakorintho 7:11, anazungumzia mke aliyeachana na mumewe na kumwachia njia ya kukaa bila kuolewa au kupatana.

Kwa vitendo: kwanza usalama, halafu mengine. Mwambie mtu mmoja wa karibu ukweli wote. Weka mahali pengine vitambulisho, vyeti vya watoto, dawa na fedha kidogo. Nenda hospitali hata kama jeraha linaonekana dogo, na uombe liandikwe. Toa taarifa polisi; kiongozi wa kanisa si badala ya polisi. Usikubali kikao cha kupatanishwa mkiwa chumba kimoja wakati bado unamwogopa, kwa sababu utasema yale atakayokuruhusu kusema kwa macho yake. Mkosaji akilia na kuomba msamaha, msamaha ni wako kuutoa kwa wakati wako. Kurudi nyumbani ni suala jingine, na lipimwe kwa miezi ya mabadiliko yanayoonekana: amekubali kosa bila "lakini", anahudhuria ushauri peke yake, ameacha pombe kama ndiyo iliyokuwa mafuta, na hakushinikizi urudi. Yote haya yanamhusu pia mume anayepigwa, na wapo, ingawa aibu huwafunga mdomo.

Ugonjwa unapoingia

Kiapo kinataja afya na ugonjwa, na siku ile kila mtu anatamka akiwa mzima, amevaa vizuri. Halafu miaka inapita, kiharusi au saratani au ajali inaingia, na wajibu unabadilika sura kwa usiku mmoja. Neno la "kutunza" katika Waefeso 5:29, kwa Kigiriki, lina maana ya kupasha joto. Paulo analitumia tena katika 1 Wathesalonike 2:7, kwa mlezi na watoto wake mwenyewe. Mume ameagizwa awe hivyo kwa mkewe.

Waume wengi hawajawahi kumwogesha mtu mzima, na hilo huwatisha kuliko gharama za hospitali. Hufundishwa kwa nusu saa tu. Mwombe muuguzi akuonyeshe kabla mgonjwa hajaruhusiwa kutoka: jinsi ya kumgeuza kitandani, kwa kawaida kila baada ya saa 2 kwa asiyeweza kujigeuza, ili asipate vidonda, jinsi ya kumwinua kwa nguvu ya miguu yako na si mgongo, jinsi ya kumfunika sehemu usiyoiosha ili asione haya. Maji uyajaribu kwa kiwiko. Mwambie unachotaka kufanya kabla ya kukifanya, hata kama hawezi kujibu.

Wake huchukuliwa kana kwamba wamezaliwa wakijua kazi hii, na kwa sababu hiyo hawapewi msaada. Washarika huja na maombi na kuondoka. Ukitaka kumsaidia mke anayeuguza, uliza siku na saa: "Jumanne kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja nitakaa naye, wewe lala." Yeye naye aseme ndiyo. Atasema hapana mara mbili kwa sababu ya aibu, basi rudi mara ya tatu, ukiwa umeshakuja na kitabu cha kusoma ukiwa umekaa pale.